Matangazo ya Kitabu cha Farasi

Mwezi uliopita nilikwenda Southall, hapa London, kukabidhi funguo za flati ya baba. Hakuacha vitu vingi. Kofia zake za viua, mkeka wa kusalia, birika lililoungua upande mmoja, na kile kitabu kinene kisicho na jalada, kimeviringishwa ndani ya shuka kuukuu juu ya kabati. Nilipokifungua kilinuka iliki. Kati ya kurasa mlikuwa na punje moja ya mchele, imekauka na kuwa ya njano. Nilikaa sakafuni kwenye chumba kitupu nikaishika ile punje kwa muda. Nadhani hata wewe una kitu cha namna hii, kisicho na thamani kwa mtu mwingine yeyote.

Nilipotoka nje na mfuko wa mwisho, jirani alikuwa amekaa mlangoni kwake juani, kilemba chake cha buluu kimefungwa vizuri kama siku zote. Macho yake siku hizi yanaona mwanga na kivuli tu. Alinijua kwa hatua.

"Ni mtoto ya Askari?"

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo kitabu umeona?"

"Nimekiona. Ninacho hapa."

"Usitupe. Jumamosi binti yangu anakuja kunichukua, naenda kukaa kwake Leicester. Nyumba wanauza. Sasa kabla sijaenda, uje unisomee matangazo." Akapapasa fimbo yake. "Baba yako nilimkosa. Matangazo nisikose."

Alisema kweli, alimkosa. Baba alipofariki, jirani alikuwa hospitali kwa ajili ya macho. Sisi maiti hatuiweki; tulimswalia na kumzika siku ya pili yake, na katika pirika zile hakuna aliyekumbuka kupeleka habari hospitali. Aliporudi nyumbani alikwenda kugonga ukuta unaotenganisha nyumba zao kama alivyozoea, hakujibiwa. Mtu wa posta ndiye aliyemwambia.

Kwa hiyo nilimwitikia, lakini nilipanda basi la kurudi Hounslow na hofu moyoni. Kurasa anazoziita matangazo baba alikataa kuzisoma maisha yake yote. Mimi ni nani nizifungue? Na nikikuta humo mambo mazito, nitamsomea mzee asiyeona, anayehamishwa nyumbani kwake wiki hiyo hiyo? Kutunga uongo siwezi. Sikujaaliwa.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Nilipokuwa mdogo tulikaa flati ya juu, na nyumba ya jirani ilishikana na yetu kwa ukuta mmoja. Tuliwasikia wakikohoa, nao walitusikia tukigombana. Jirani alikuwa Singasinga, mzaliwa wa Nakuru, fundi wa magari. Baba alikuwa Mpemba, mtu wa Wete, na huko nyumbani alikuwa polisi. Hapa alifagia ndege. Ndege ikishateremsha watu, baba na wenzake waliingia na mifuko kuokota vikombe na magazeti, na vitabu vilivyoachwa bila mwenyewe msimamizi aliwaruhusu wachukue. Ndivyo kitabu kile kilivyotufikia, jalada limeng'oka, jina halijulikani. Sisi tulikiita Kitabu cha Farasi.

Kilikuwa hadithi ndefu ya Amerika ya zamani, ya askari wawili wa mpakani huko Texas. Ujana wao wote walikuwa wakimwinda mkuu mmoja wa Wakomanchi, watu wa farasi, ambao nchi ile ilikuwa yao kabla ya walowezi kufika. Sasa wote wamezeeka, askari na wanayemwinda, na serikali imeleta vijana wenye bunduki mpya, wala haiwataki tena wazee hawa. Majina ya Kiingereza yalimshinda baba, akawabatiza upya. Mmoja alikuwa Mnene, maana alipenda kula na kuzungumza. Wa pili alikuwa Goti, kwa sababu goti lake bovu lilijua mvua kabla ya mawingu. Na yule mkuu wa Wakomanchi tulimwita Mzee wa Kijivu, kwa rangi ya farasi wake.

Baba alitusomea Jumapili baada ya swala ya adhuhuri, wakati wa baridi, siku ambazo jua la London linachoka mapema. Hita ya mafuta ya taa ilinuka pembeni, na harufu yake ilichanganyika na ya muhogo wa nazi. Mimi na mdogo wangu tulikaa chini na sinia, tunachambua mchele wa wiki. Mama alikuwa na kauli yake: masikio mpeni baba, mikono nipeni mimi. Kiingereza cha baba kilikuwa cha skuli na cha kituo cha polisi. Alisoma sentensi kimya, midomo ikicheza, kisha akainua uso na kutupa kwa Kiswahili. Penye maelezo marefu ya nyika alipita juu kwa juu. "Hapa wanaeleza majani," alisema, akifunua ukurasa. "Hapa bado majani."

Tatizo lilikuwa neno moja. Kitabu kiliwaita watu wale Indians, na baba aliligeuza kama lilivyo: Wahindi. "Usiku Wahindi wakaja juu ya farasi, wakachukua ng'ombe, wakachoma nyumba." Sasa fikiri, watoto wa Southall wanasikia hivyo. Wahindi tuliowajua sisi walikuwa jirani yetu na mkewe, na mwenye duka la vitambaa, na muuza jelebi. Mimi sikuona ajabu. Nilijua tu kwamba zamani walikuwa na farasi. Skuli mwalimu alitwambia tuchore mtu wa kwenye hadithi. Nikamchora Mzee wa Kijivu, na mkuki, na kilemba cha buluu, na ndevu hadi kifuani. Mwalimu akaiinamia karatasi yangu muda mrefu, kisha akasema rangi zimekaa vizuri.

Mdogo wangu ndiye aliyefungua mambo. Siku moja alimkuta jirani uani, yuko chini ya gari, akachuchumaa akamwuliza, "Farasi wako umemficha wapi?"

Jumapili iliyofuata mlango ukagongwa. Jirani aliingia na sweta yake ya kazini, akasimama katikati ya chumba.

"Nimesikia hapa Wahindi wanachoma nyumba za watu," alisema. "Nimekuja kuona kama ni ndugu zangu."

Mama aliingia jikoni kuficha kicheko. Baba alisimama, akajifuta mikono ingawa haikuwa na kitu. "Karibu, jirani, karibu. Si nyinyi. Ni kwamba mzungu wa kwanza alipotea njia. Alikuwa anakwenda India, akafika Amerika, akadhani amefika."

"Kwa hiyo mzungu akipotea, mimi ndio nalaumiwa?"

"Waite Wahindi Wekundu," mama alisema kutoka jikoni.

Jirani akainua mikono yake iliyopasuka kwa baridi. "Na hii ni rangi gani, mama?"

Tulicheka sote, hata baba, lakini aliona haya kwelikweli. Ilikuwa shida ya adabu: mgeni amekaa kitini, kikombe cha chai mkononi, utasemaje mbele yake kwamba Wahindi wamekuja kuiba ng'ombe? Na jina la Wakomanchi halikumkaa ulimini. Kila akilisema lilitoka jipya. Akakifungua kitabu, akafika kwenye lile neno, akasita. Tuliona midomo yake ikitafuta. Kisha akasema, "Usiku ule, wenyewe wakaja juu ya farasi."

Tukazidi kuchanganyikiwa, maana nyumbani kwetu wenyewe walikuwa Waingereza. Mama alikuwa akituambia tusikimbie ndani, wenyewe chini wamelala. Tusicheke ndani ya basi, wenyewe hawapendi.

"Baba, wenyewe kina nani sasa?" niliuliza.

"Wenyewe ni waliokutwa," baba alijibu.

Jirani aliweka kikombe chini. "Na mimi, Askari? Babu yangu alikuja Kenya kulaza reli. Baba yangu amezaliwa Nakuru, mimi nimezaliwa Nakuru. Mimi ni mwenyewe wa wapi?"

"Wewe kunywa chai, Singa," baba alisema. "Hapa Texas hujafika bado."

Tangu siku ile jirani hakukosa Jumapili hata moja, na tangu siku ile hadithi iligeuka. Sikujua wakati ule imegeuzwa na nini. Ukisikia Wahindi wamechoma nyumba, unawahurumia wenye nyumba. Ukisikia wenyewe wamechoma nyumba, unauliza nyumba hiyo imejengwa wapi. Neno ambalo baba aliliweka ili asimuudhi mgeni lilituhamisha sote upande wa pili wa mto. Mnene na Goti tuliendelea kuwapenda, lakini kila walipomkaribia Mzee wa Kijivu, mdogo wangu alifumba macho.

Jirani alikuwa msikilizaji mgumu. "Askari, hiyo farasi haiwezi kukimbia siku nzima. Injini gani hiyo?" Baba alijibu, "Farasi huyo, si farasi hiyo." "Haya, farasi huyo, injini gani hiyo?" Mkewe alituletea roti za mahindi na mboga ya haradali iliyopikwa mpaka ikawa kama uji, na mama alirudisha sahani na mkate wa kumimina, maana sahani hairudi tupu. Wazee wawili wale walibishana kuhusu wazee wengine wawili wa ndani ya kitabu, wakasahau kazi zao, na baridi, na mabosi waliowaita kwa majina ya mkato.

Nisamehe, nimesema wazee. Walikuwa hawajafika hata umri nilio nao leo.

Kisha ikafika Jumapili ya mtoni. Askari wawili wamemfuata Mzee wa Kijivu hadi kwenye mto unaotaka kuganda. Kumekucha. Goti anainua kichwa na kumwona ng'ambo, karibu kabisa, ananywesha farasi wake. Yule naye amewaona. Wote watatu wamechoka. Goti anashika bunduki, kisha anaiweka chini na kujaza kiriba chake maji. Mnene, ambaye hajawahi kunyamaza, ananyamaza. Mzee wa Kijivu anapanda farasi, anaondoka taratibu, bila kugeuka.

Baba alikifunga kitabu. "Imekwisha," alisema.

Tulimtazama. Kidole chake kilikuwa kimeshika mahali, na nyuma ya kidole kulikuwa na kurasa nyingi, unene wa kipande cha mkate.

"Imekwisha vipi?" jirani aliruka. "Na hizo kurasa zote ni za nini?"

"Ni matangazo," baba alisema.

"Matangazo gani?"

"Matangazo tu. Kitabu kikisha, huja matangazo."

Sisi watoto tuliamini. Vitabu vya ndegeni vilikuwa na kurasa za mwisho za kutangaza vitabu vingine, tulikwisha kuziona. Jirani hakuamini, lakini kitabu kilikuwa cha baba, na baba alikuwa mtu ambaye akikataa amekataa. Basi likawa neno lao. Miaka na miaka, hadithi ya baba ikichosha, jirani alisema, "Askari, afadhali nisomee matangazo." Na siku mkewe alipokufa na baba akaenda kukaa naye, nilikuwa nimeketi nao nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Leo ungeweza kunisomea matangazo." Baba akamwambia, "Leo hapana, Singa. Leo hata kidogo."

Nilipofika nyumbani na kile kitabu nilikizunguka siku mbili. Kazi yangu ni kulea wazee majumbani mwao. Kusoma kwangu ni fomu na vibandiko vya dawa. Siku ya tatu nilijifungia nikasoma zile kurasa, neno kwa neno, baadhi ya maneno nikimwuliza mwanangu, naye akinijibu kwa Kiingereza kwa sababu ndicho alicho nacho. Nilipomaliza sikujua niende au nisiende. Nilitamani kumpigia jirani nimwambie kitabu kimelowa maji, kimeharibika. Simu niliishika. Lakini mtu huyu alikwisha kukoseshwa mazishi kwa uzembe wetu, na sikutaka kumkosesha jambo la pili kwa uongo wangu.

Ijumaa nilikwenda.

Nyumba yake ilijaa maboksi. Viti viwili tu vilikuwa vimebaki, akaniketisha kwenye kile alichokikalia baba akija. Alikuwa amepika chai mwenyewe kwa kupapasa, na imefurika jikoni.

"Baba, nimeyasoma," nilimwambia. "Si mazuri."

"Nina miaka themanini na kitu. Mazuri nitafanyia nini? Soma."

Nikasoma kama baba alivyosoma, kimya kwanza kisha kwa Kiswahili. Penye maelezo ya nyika nilisema, "Hapa wanaeleza majani," naye akatabasamu. Nikamsomea jinsi wale vijana wenye bunduki mpya walivyomfikia Mzee wa Kijivu upande wa pili, akiwa amelala kwa homa, farasi amesimama karibu naye kumkinga upepo. Alikufa yeye, na farasi akafa. Nilifika kwenye lile neno la kitabu, na bila kufikiri nikasema wenyewe: wenyewe waliobaki wakaja kumchukua, wakamzika mahali wasipoonyesha mtu. Kisha Mnene, jeraha la zamani likamwamkia, akafa njiani akiomba kitunguu. Kisha Goti akapeleka habari. Kurasa zote zilizobaki ni za Goti anakwenda mji kwa mji, mlango kwa mlango, kuwaambia watu nani amekufa. Anavua kofia, anasema jina, anakwenda mlango mwingine. Milango mingine hakuna tena anayelijua hilo jina. Hapo kitabu kinaisha.

Jirani alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani amelala. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Matangazo," alisema. "Askari! Alisema kweli. Ni matangazo."

Hapo ndipo na mimi nilipoelewa, na nilishangaa kwamba ilinichukua muda wote huo. Kwa mtu wa Wete, matangazo ni yale yanayosomwa redioni baada ya taarifa ya habari: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Baba alikua nayo. Uzeeni nilimwekea redio ya nyumbani kwenye simu, na kila jioni alikaa akiyasikiliza mpaka la mwisho, akitaja majina kwa midomo. Na Nakuru pia walikuwa nayo. Jirani aliyajua tangu utoto wake, ila hakuwahi kufikiri yanaweza kuwamo ndani ya kitabu.

Mama aliwahi kunieleza jambo, miaka mingi baada ya Jumapili ile. Baba akiwa polisi alitumwa akamkamate mtu ambaye yeye baba alikula kwao tangu utoto. Alikwenda, akamkuta, akarudi kituoni akasema hakumwona. Kisha akavua sare akaondoka nchini. Alikuwa bado Mombasa akingoja safari ya huku, aliposikia jina la yule mtu redioni, katika matangazo. Wengine walimfikia. Sijui kama hiyo ndiyo sababu ya kukifunga kitabu pale mtoni. Baba mwenyewe hakuniambia, na sipendi kumsemea marehemu. Nakupa nilichopewa.

Nilimweleza jirani hayo. Alisikiliza, akapangusa uso kwa ncha ya kilemba.

"Na yeye walimtangaza?" aliuliza.

"Walimtangaza. Shangazi alipeleka jina redioni kule kwetu. Nilisikiliza kwenye simu, jikoni kwangu."

"Walisema nini?"

Nilikuwa nayakumbuka kwa ghibu. Nikamsomea, ingawa sikuwa na karatasi. Kwamba dada yake wa Wete anasikitika kutangaza kifo cha kaka yake kilichotokea London, Uingereza. Kwamba maziko yamekwisha kufanyika huko huko. Nikataja jina la baba, na la baba yake, na la babu yake. "Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo."

Jirani alikaa wima kitini. Aliunganisha viganja vyake mbele ya kifua.

"Zimenifikia," alisema.

Siku ya pili binti yake alikuja na gari. Kitabu nilimpa aende nacho, akakipakata njia nzima, binti yake ananiambia, kama mtoto. Nyumba ile imekwisha kuuzwa, na kwenye flati yetu wameingia watu wengine. Nilipita wiki hii nikaona vitoto viwili vinaruka nyuma ya pazia. Hakuna tena wa kugonga ukuta ule, wala anayejua kwamba nyuma yake mto ulitaka kuganda, na wazee watatu walitazamana wakaachiana njia. Na neno wenyewe, sina tena wa kulitumia naye. Mwanangu nilimwuliza kama analijua. Alifikiri kidogo, kisha akasema, kwa Kiingereza, kwamba bibi alikuwa akilisema kila tulipokuwa tunacheka ndani ya basi.

Ile punje ya mchele niliirudisha pale pale nilipoikuta, kabla ya kumpa kitabu. Imo kwenye ukurasa wa mtoni.